Ndege Ndogo Si Punda wa Mizigo

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeupakia huuona mwepesi kwa kuwa si yeye atakayeubeba. Methali hii hunijia kila nisikiapo abiria wa ndege ndogo wakinung'unika kwamba wamedhalilishwa kwa kupimwa mizanini pamoja na mikoba yao. Hudai kuwa kilo chache haziwezi kuizuia ndege kuruka. Nakubaliana nao nusu tu. Huenda ikaruka, lakini kuruka si kufika.

Wanafunzi wa fizikia watanielewa upesi. Ndege hubebwa na mabawa yanayoikata hewa kwa kasi. Uzito ukizidi, kasi ya chini kabisa ambayo mabawa yanaweza kuibeba ndege nayo hupanda. Marubani hufundishwa kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali unaohitajika ili kupaa huongezeka kwa asilimia 20 hivi. Mzigo ukirundikwa nyuma, pua ya ndege huinuka, na rubani anaweza kushindwa kuishusha.

Isitoshe, hewa ya nyanda za juu ni nyembamba. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyopaa kwa wepesi Malindi itajikokota Nairobi ikiwa na mzigo ule ule, hasa jua linapokuwa kali.

Tazama yaliyotokea Cheyenne, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, mnamo Aprili 11, 1996. Uwanja wa huko uko juu zaidi ya futi 6,100. Msichana wa miaka 7, Jessica Dubroff, alikuwa akivuka nchi hiyo kwa ndege ndogo aina ya Cessna, pamoja na babake na mwalimu wa urubani. Vyombo vya habari viliifuata safari hiyo kwa shauku. Waliondoka asubuhi dhoruba ikiwakaribia. Punde baada ya kupaa, ndege ilianguka na wote watatu wakafa.

Wachunguzi waliamua kwamba mwalimu huyo, aliyekuwa na dhamana ya ndege, alikosea kuondoka hali ya hewa ikiharibika, ndege ikiwa imezidi uzito, katika hewa nyembamba kuliko aliyoizoea. Kasi ilipungua, mabawa yakashindwa kuibeba. Je, uzito ulizidi kwa kiasi gani? Ratili 96, takriban kilo 44. Hata nusu ya gunia la mahindi la kilo 90 haikutimia!

Sisemi kwamba kilo hizo peke yake ndizo zilizoua. Ninalosema ni kwamba uzito wa ziada huila akiba ya usalama kimyakimya, na siku dhoruba ijapo, akiba hiyo haipo.

Wapo watakaonijibu kuwa wamesafiri mara nyingi katika ndege zilizojazwa kupita kiasi wakatua salama. Hoja hiyo haina mashiko. Akiba iliyoachwa na watengenezaji ni ya upepo wa ghafla, joto na injini inayodhoofika. Si ya masanduku. Naonelea kwamba kila safari ya namna hiyo inayofaulu humfunza mtu kuthubutu zaidi, hadi siku bahati itakapomtoka.

Kwa hivyo nawasihi walimu waichukue hesabu hii ya asilimia darasani, kwani miongoni mwa wanafunzi wao wamo marubani, wapakiaji na wenye ndege wa kesho. Abiria nao wasimbembeleze karani wa mizani afumbe macho, wala mwenye ndege asimshurutishe rubani kwa sababu ya nauli. Rubani akiamuru mzigo ubaki, na ubaki. Mzigo ulioachwa uwanjani utafuatwa kesho.