Kujitolea Shelisheli: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Safari

Kobe wakubwa wanaowavutia wageni katika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, asili yao ni Shelisheli, nchi ya visiwa vipatavyo 115 iliyopo katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa Tanzania. Nchi hiyo hupokea watu kutoka mataifa mbalimbali wanaojitolea kuhesabu kasa wanaotaga, kulinda ndege adimu na kurejesha matumbawe yaliyoharibika. Kwa kijana wa Kitanzania anayesomea uhifadhi, uvuvi au sayansi ya bahari, nafasi ya namna hiyo ni darasa lenye thamani kubwa. Hata hivyo, maandalizi yake yanapaswa kuanza wiki kadhaa kabla ya siku ya safari.

Kuhakiki mwaliko

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba taasisi mwenyeji ipo na kwamba ndiyo iliyotoa mwaliko. Mwombaji anashauriwa kuwasiliana nayo moja kwa moja, kwa anwani aliyoitafuta mwenyewe badala ya ile aliyopewa na wakala. Barua ya mwaliko inapaswa kueleza kazi itakayofanyika, muda wake, mahali pa kulala, chakula, bima ya afya na anayelipa nauli. Ipo miradi inayomtaka anayejitolea achangie gharama zake. Jambo hilo si kosa, ilimradi limeandikwa bayana.

Zipo dalili ambazo mwananchi hapaswi kuzipuuza. Miongoni mwake ni ahadi kwamba kazi ya kujitolea itageuka ajira ya mshahara baada ya kufika, madai ya fedha za haraka kupitia simu ya mtu binafsi, na mtu kutaka kukaa na pasipoti ya msafiri. Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na biashara haramu ya binadamu inatambua kwamba mtu anaweza kusafirishwa kwa hila na udanganyifu, hata kama alikubali kuondoka. Mwenye shaka anapaswa kutoa taarifa Polisi au Uhamiaji kabla ya kulipa chochote.

Nyaraka za safari

Maombi ya pasipoti hushughulikiwa na Idara ya Uhamiaji, na mwombaji huhitaji, pamoja na mambo mengine, kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa. Mwenye pasipoti tayari aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi. Inashauriwa iwe imebakiza angalau miezi sita.

Shelisheli haidai viza kwa Watanzania. Pamoja na hayo, kila mgeni hutakiwa kuomba idhini ya kusafiri kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege, na kuwa na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi na fedha za kujikimu. Kibali cha mgeni kinachotolewa uwanjani hakimruhusu mtu kufanya kazi ya kipato. Kwa sababu hiyo, mwenyeji aombwe mapema aeleze kwa maandishi ni kibali kipi kinachohusu kazi iliyokusudiwa. Anayejitambulisha kuwa mtalii ilhali anakwenda kazini hujiweka katika hatari ya kurudishwa.

Afya

Ndege nyingi kutoka Tanzania kwenda Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, hupitia Nairobi au Addis Ababa. Kenya na Ethiopia zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, hivyo ni busara kwa msafiri kuwa na cheti cha chanjo. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote. Anayechanjwa siku moja kabla ya kuondoka anakuwa amechelewa.

Shelisheli haina maambukizi ya ndani ya malaria. Msafiri kutoka Tanzania anashauriwa kupima kabla ya kuondoka, na akipata homa akiwa huko amweleze daktari mara moja kwamba ametoka katika nchi yenye malaria. Mahali ambapo ugonjwa huo haupo, daktari huenda asiufikirie kwanza, na kuchelewa kutibiwa kunaweza kugharimu maisha. Kwa upande mwingine, dengue ipo visiwani humo na mbu wake huuma mchana.

Mizigo

Visiwa hulinda mazingira yake kwa uangalifu mkubwa kwa kuwa panya mmoja mwenye mimba au mbegu chache za gugu zinaweza kuangamiza viumbe wasiopatikana kwingineko. Kisiwa cha Cousin kilinunuliwa mwaka 1968 kwa ajili ya kumlinda ndege mmoja mdogo, ambaye wakati huo walikuwa wamebaki wasiozidi 30. Leo wanahesabika kwa maelfu katika visiwa kadhaa. Hadi sasa wageni huteremshwa hapo kwa boti za kisiwa chenyewe ili wasiingize wadudu na panya.

Hivyo, viatu vya kazi, mahema na mabegi visafishwe udongo na mbegu kabla ya kufungwa. Matunda, mbegu, miche, nyama na asali visibebwe bila kibali, hata kama ni zawadi kwa mwenyeji.

Mawasiliano

Saa za Shelisheli ziko mbele ya saa za Tanzania kwa saa moja, na lugha zake rasmi ni Krioli, Kiingereza na Kifaransa. Kabla ya kuondoka, msafiri aulize Wizara ya Mambo ya Nje ni ubalozi upi wa Tanzania utakaomhudumia akipatwa na tatizo. Nakala za pasipoti, tiketi, bima na barua ya mwaliko ziachwe kwa familia, pamoja na namba ya simu ya mwenyeji na tarehe ya kurudi, ili ndugu wajue wamtafute wapi iwapo mawasiliano yatakatika.