Mgongo wa krezeri: tutegemee nini kwa muganga wa mikono?

Krezeri anarudi nyumbani Nyamianda kutoka Misisi. Miezi mitatu amebeba mifuko ya mawe, sasa hata kuinama avae viatu hawezi. Jioni jirani anamwambia: « Kaka, lala chini nikuvute mgongo. » Ngoja kwanza.

Osteopata ni mtu anayetibu viungo na misuli kwa mikono. Kazi hiyo ilianzishwa Marekani na muganga Andrew Taylor Still, mwaka 1874. Kwetu Kongo, mwenye tunazoea kukuta hospitalini ni kine. Yeye pia anatumia mikono, na anafundisha mazoezi.

Siku ya kwanza maulizo ni mingi kuliko kukandwa. Maumivu yalianza lini? Ulianguka? Yanashuka mpaka mguuni? Unabeba kilo ngapi? Usifiche kitu. Utavua shati, utainama, utatembea kwa visigino. Atapima nguvu ya miguu. Akikugusa na ikauma sana, sema, ataacha. Mgongo ukilia « kaa! », ni hewa ndani ya kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake. Kesho yake mwili unaweza kuuma kidogo, kisha inapita.

Halafu atakupa mazoezi ya nyumbani. Hapo ndipo dawa yenyewe iko. Kulala kitandani wiki nzima kunakaza mgongo zaidi. Tembea kidogo kidogo. Maumivu mengi ya mgongo yanapungua ndani ya wiki sita.

Lakini kuna mgongo ambao haufai kuvutwa na mtu yeyote mbele muganga aupime: wa mtu aliyeangukiwa na shimo, na wa mtu mwenye homa, jasho la usiku, kukonda ao kikohozi kisichoisha. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango, na ugonjwa huo unaweza kuingia mpaka ndani ya mifupa ya mgongo. Ukiuvuta, unaweza kumlemaza mtu. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika inchi yetu.

Mama, bwana akisema miguu inalegea, katikati ya mapaja hasikii kitu, ao mkojo umekataa, usingoje asubuhi. Tafuta moto, mpeleke hospitali usiku uleule.