Uvishaji wa viti vya gari kwa ngozi
Uvishaji wa viti vya gari kwa ngozi ni kazi ya kuondoa kitambaa cha kiti na kuweka kava la ngozi. Kava la zamani hufumuliwa, na vipande vyake hutumika kama vipimo vya kukatia ngozi. Uzi huwa wa nailoni au poliesta. Wa pamba huoza upesi. Cherehani ya nguo mara nyingi hushindwa na tabaka za ngozi.

Viti vingi vya siku hizi vina mfuko wa hewa ubavuni. Kabla ya kugusa nyaya zake, betri ya gari hutenganishwa na kusubiriwa dakika kadhaa. Mshono unaoufunika mfuko huo hutengenezwa ili upasuke wakati wa ajali. Ukishonwa kwa uzi mzito, unaweza kuuzuia mfuko kufumuka. Sehemu hiyo si ya kujaribia nyumbani, hata kwa mshonaji hodari.