SAA YA LIP: UNAMUUZIA NANI HISA?

Wiki iliyopita mzee mmoja kashuka na gari la Mlalo, kaingia dukani kwangu hapa Lushoto anataka mkanda wa saa. Saa yenyewe ni ile ya kutia ufunguo, kioo kimejaa mikwaruzo, imeandikwa LIP. Nikamwambia, babu, hii kampuni siijui. Akacheka: "Kampuni ilishakufa, saa inatembea." Mkanda nikamwekea, usiku nikakaa na simu kuisoma hiyo LIP. Nawaletea kwa sababu imenigusa pabaya.

LIP ni ya Ufaransa, mji wa Besançon, jirani na Uswisi. Emmanuel Lipmann alianza na karakana mwaka 1867, mpaka ikawa kiwanda chenye jina Ufaransa nzima. Mwaka 1952 walionyesha saa ya mkononi ya umeme, wakati dunia bado inatia ufunguo. Bosi wakati huo ni mjukuu, Fred Lip.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1967 kampuni ya Uswisi, Ebauches, ikanunua theluthi ya hisa. Hao kazi yao ni kutengeneza mashine za ndani ya saa. Yaani muuza mashine kaingia kuwa mwenye duka! Hisa zao zikaongezeka, na mwaka 1971 Fred akawa nje ya kiwanda cha babu yake. Mimi simlaumu kwa kuuza hisa, mtaji ni mtaji. Ila huyo uliyemuuzia anafikiria mashine zake zitoke, saa zako ni shida yako.

Juni 1973 wafanyakazi wakakuta karatasi za mabosi: watu 480 wapunguzwe. Hawakuchoma kitu. Walibeba saa za stoo wakazificha nje ya kiwanda, kisha wakapiga kura kuendelea kuunda saa wenyewe, kuuza wenyewe na kujilipa wenyewe. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Charles Piaget. Watu wakawa wanakuja kununua kuwaunga mkono. Agosti 2 wakalipana mshahara wa kwanza kwa hela ya mauzo. Hapo nilirudia kusoma mara mbili, bosi hakuna, lakini stoo ipo, ufundi upo, wateja wapo.

Katikati ya Agosti polisi wakawatoa kiwandani. Septemba 29 watu kama laki moja wakaandamana Besançon. Januari 1974 mkataba ukasainiwa, akaja bosi mpya, Claude Neuschwander, watu wakaanza kurudishwa kazini. Haikudumu. Oda ya Renault ya saa za kwenye magari ikakatwa, saa za betri za Wajapani nazo zinashuka bei, na 1977 kampuni ikafilisiwa. Wafanyakazi wakaunda ushirika, nao ukaisha miaka ya 80.

Jina likauzwa peke yake, likapita mikono, na leo saa mpya za LIP zinaunganishwa tena Besançon na kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo babu alikuwa sahihi, ya kina Lipmann ilishakufa.

Sasa jambo langu. Muuza jumla mmoja wa Tanga ndiye ananiletea saa, mikanda na betri. Mwezi uliopita kaniambia atanijazia duka lote, mimi nimpe theluthi. Theluthi ileile! Kiukweli moyoni nilishakubali, maana mashelfu yanatia aibu, mteja akiingia anageuka.

Juzi nikampigia. Nikamwambia, kaka, mzigo niletee kwa mali kauli, tuandikishane, nitakulipa kila mwisho wa wiki kwa ninachouza, ila duka libaki langu. Akanyamaza kidogo, akasema atafikiria.

Mpaka naandika hapa hajajibu. Betri zimebaki sita. Kama kuna mdau anamjua muuza jumla wa saa Tanga au Korogwe anayekubali mali kauli, aniachie ujumbe.