Nusu Saa ya Piano Ina Bei: Jinsi ya Kumlipa Mwalimu wa Muziki Bila Mvutano

Mwenye duka akikosa mteja leo, unga wake unabaki kwenye rafu na kesho utauzwa. Mwalimu wa piano hana rafu. Anachouza ni nusu saa yake, na ile ya saa nne asubuhi ikipita bila mwanafunzi, imepita. Ndiyo sababu mzazi akikosa kulipa kwa wakati, ama akikatiza somo dakika ya mwisho, hasara inamwendea mtu mmoja moja kwa moja.

Tunaandika haya kwa sababu shule za muziki za jamii zinazidi kupokea karo kwa simu, na maswali mnayotuletea yanafanana: Nilipe kwa till ama nimtumie mwalimu? Mbona shule inasema haijaona pesa yangu? Nimetuma kwa nambari isiyo yake, nifanyeje? Leo tumeyajibu yote pamoja, tukianza na namna kazi yenyewe inavyoendeshwa.

Shule hizi zinafanyaje kazi?

Kenya si wageni kwa mambo haya. Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1944 na bado inafundisha. Kule Korogocho, Ghetto Classics imekuwa ikiwafunza vijana wa mtaa muziki wa okestra tangu 2008. Mbali na majina hayo makubwa, kuna shule ndogo ndogo zinazotumia ukumbi wa kanisa, social hall ya mtaa ama darasa la kuazima Jumamosi. Piano ni moja ama mbili, wanafunzi ni wengi, na ratiba imebandikwa ukutani kwa vipande vya nusu saa.

Mara nyingi mwalimu katika shule ya aina hii hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa kila somo alilofundisha. Katikati ya wiki huenda akawa anafundisha shule nyingine, anapiga kinanda kanisani ama anazunguka nyumba kwa nyumba. Jumamosi ndiyo siku yake ya mavuno.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme somo la nusu saa ni Sh1,000 na mwalimu ana wanafunzi 12 kila Jumamosi. Hizo ni saa sita za kazi na Sh12,000. Wanafunzi watatu wasipofika bila taarifa, anabaki na Sh9,000, lakini nauli aliyotumia ni ile ile. Hali hiyo ikijirudia kila wiki kwa muhula wa wiki 10, amepoteza Sh30,000. Kwa mtu wa kodi ya nyumba ya bedsitter, hiyo ni miezi kadhaa ya kulala na wasiwasi.

Na pesa ya shule inaenda wapi?

Si yote inamwendea mwalimu. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88, na ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 200 zilizovutwa kwa nguvu ya tani nyingi. Joto na unyevu vikibadilika, nyuzi zinalegea na sauti inapotoka. Fundi anafaa kuitwa angalau mara mbili kwa mwaka kuzilinganisha. Piano ya umeme haihitaji fundi huyo, lakini inahitaji stima, na vibonyezo vyake vikiharibika spea si rahisi kupata.

Kisha kuna mitihani. Wanafunzi wengi wa piano hapa kwetu hufanya ile ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, gredi ya 1 hadi ya 8. Mtihani wa kupiga ala una alama 150, na anayefikisha 100 amepita. Mtoto anaweza kufanya mazoezi ya vipande vitatu kwa miezi mingi akijiandaa kwa siku moja. Lakini usajili una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haimsubiri mtu. Shule isipoona ada ya mtoto wako kufikia siku hiyo, jina lake haliendi.

Hapa ndipo tunataka uwe makini zaidi, kwa sababu kuna pesa zinazofika na bado zinapotea. Mjomba analipa akiwa Mombasa, anaandika jina lake mwenyewe kwenye nafasi ya akaunti, kisha anasahau kumwambia mtu. Mweka hazina wa shule anaona pesa imeingia, hajui ni ya nani. Mzazi anadhani mambo yako sawa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekataa kulipa, lakini mtoto amebaki nje ya orodha.

Kwa mzazi: lipa ieleweke

Kwanza, jua tofauti. Paybill inakuuliza nambari ya akaunti. Till haiulizi. Kutuma kwa nambari ya mtu ni kumpa mtu huyo pesa, si kulipa shule. Kama shule ina paybill, itumie, kwa sababu ile nafasi ya akaunti ndiyo inayosema pesa ni ya mtoto gani.

Pili, kubalianeni na shule namna moja ya kuandika akaunti, mfano nambari ya mwanafunzi ikifuatwa na muhula. Ukipewa namna hiyo, mtumie kila mtu anayekusaidia kulipa: shangazi, mjomba, hata yule mfadhili wa kanisani. Asiandike jina lake.

Tatu, kama shule ina till pekee, mjulishe mweka hazina siku hiyo hiyo. Mpe jina la mwanafunzi, kiasi, tarehe na msimbo wa muamala ulio kwenye meseji yako. Maneno mawili matatu yanatosha.

Nne, kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la shule, simama. Ukishatuma kimakosa, usianze kumpigia mpokeaji kwa vitisho. Omba urejeshaji wa pesa mara moja kupitia menyu ama huduma kwa wateja. Dakika zina maana hapa, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

Tano, huna karo yote kwa pamoja? Sema mapema na uombe kulipa kwa awamu. Sh1,000 kila Ijumaa jioni inamsaidia mwalimu kuliko ahadi ya Sh10,000 mwisho wa muhula. Panga malipo hayo siku ile unayopata pesa wewe, si siku inayoonekana vizuri kwenye karatasi.

Kwa mwalimu: tenganisha mifuko

Mwalimu, kama wazazi wanakulipa wewe mwenyewe, usichanganye pesa ya masomo na ile ya matumizi ya nyumbani. Chukua till ama laini ya biashara. Mwisho wa mwezi ukiomba taarifa ya miamala, utaona wazi umeingiza ngapi bila kuchambua ununuzi wa sukuma na tokeni za stima. Taarifa hiyo hiyo itakusaidia siku utakapoomba mkopo kwenye sacco, kwa sababu mtu asiye na payslip anahitaji kuonyesha kitu.

Weka sheria ya kukatiza somo na uiandike. Shule nyingi hutumia saa 24: ukitoa taarifa kabla ya hapo, somo linasogezwa, ukichelewa, linahesabiwa. Mzazi akiijua mapema hatakasirika.

Halafu kuna likizo. Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka watoto wanaenda ushago na wewe huna wa kumfundisha. Tukirudi kwa mfano wetu, mihula mitatu ya wiki 10 ni wiki 30 za kazi, yaani Sh360,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12 unapata Sh30,000 kwa mwezi. Lakini mwezi wenye Jumamosi nne za masomo utakuletea Sh48,000. Ile Sh18,000 ya ziada si ya kusherehekea. Hiyo ni chakula cha Agosti na kodi ya Desemba. Ihamishe kwenye akaunti ya akiba siku ile ile inapoingia, kabla haijapata kazi nyingine.

Matapeli nao wanajua muhula unafunguliwa lini

Wiki ya kwanza ya muhula ndiyo ya kuwa macho. Meseji inaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi: “Tumebadilisha till, lipeni hii mpya.” Picha ya wasifu ni ya mweka hazina, nambari siyo. Usilipe kabla hujampigia mweka hazina kwa nambari yake ya zamani unayoijua. Nayo shule iweke nambari rasmi ya malipo kwenye karatasi ya ratiba, na itangaze kwamba haitaibadilisha kupitia grupu pekee.

Mwalimu, usikubali skrinshoti kama uthibitisho. Picha inahaririwa kwa dakika moja. Angalia meseji iliyoingia kwenye simu yako mwenyewe, kisha uhakikishe salio.

Wazazi, msitupe meseji za malipo kwenye grupu. Zinaweza kuonyesha hata salio lako, kwa watu ambao nusu yao hujawahi kukutana nao. Mtumie mweka hazina peke yake. Shule nayo ikumbuke kwamba orodha ya majina ya watoto na nambari za wazazi wao ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka izilinde.

Deni ni la mtu mzima

Tumalizie na jambo ambalo hakuna menyu ya simu inayoweza kulitatua. Katika shule ya jamii lazima kutakuwa na mtoto ambaye muhula huu kwao hakuna. Baba amekosa kibarua, ama mama amelazwa. Mtoto huyo hafai kuambiwa habari ya deni akiwa ameketi kwenye piano, wala kusikia jina lake likisomwa mlangoni mbele ya wenzake. Mpigie mzazi. Panga awamu. Kama shule ina mfuko wa ufadhili, uwe na akaunti yake tofauti, na wachangiaji waonyeshwe kila muhula kiasi kilichoingia na kilichotumika, bila kutaja mtoto aliyesaidiwa.

Mwalimu naye asibebe ufadhili huo peke yake kwa kufundisha bure kimya kimya. Akifanya hivyo miaka miwili ataacha kazi, na watoto wote 12 watakosa mwalimu. Kama jamii imeamua mtoto fulani asome, jamii ndiyo imlipe mwalimu.

Kwa hivyo kabla ya Jumamosi hii, fanya mambo matatu. Hakikisha una nambari sahihi ya malipo ya shule. Uliza akaunti inaandikwaje. Kisha lipa hata kama ni sehemu tu, na uhifadhi meseji. Na kama kawaida, PIN yako ni yako peke yako: hatutawahi kukupigia kukuuliza, na mwalimu wa piano pia haihitaji.