Faida ya Oda Isiishie Kwenye Injini: Mwaga Oili kwa Wakati

Umeposti vitenge usiku, asubuhi oda nne zimeingia. Mteja mmoja yuko Ngara mjini, wawili Benaco, mmoja Rusumo. Wewe uko Biharamulo. Hela zimeshaingia kwenye simu, mzigo umefungwa, pikipiki inaondoka. Ikifika Nyakahura inaanza kuishiwa nguvu. Kamlima kadogo tu inataka gia ya pili, na nyuma inaacha moshi wa bluu. Mteja wa Rusumo anapiga simu mara ya tatu. Unamjibu nini?

Wengi tutasema pikipiki imechoka. Mara nyingi haijachoka, imecheleweshewa oili tu. Na kwa sisi tunaouza mtandaoni, pikipiki ndiyo mlango wa duka. Ikilala kwa fundi, duka limefungwa.

Tuelewane kwanza kinachotokea ndani.

Oili inalainisha vyuma, inapunguza joto na inabeba uchafu. Kila siku inaungua kidogo kidogo na kuchanganyika na masizi, petroli na unyevu. Ukiichelewesha inageuka tope jeusi, zito kama lami. Tope hilo linaziba chujio na vinjia vidogo vya oili, vyuma vinaanza kusagana.

Sasa njoo kwenye pistoni. Kwa kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usivuje, ya chini inakwangua oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha chini. Ringi lazima zicheze kwenye mifereji yake. Masizi na tope vikijaa humo, ringi zinaganda. Hapo nguvu inavuja kwenda chini, oili inapanda juu na kuungua. Ule moshi wa bluu ni oili yako inaungua. Ikifika hapo, oili mpya peke yake mara nyingi haitoshi. Fundi anafungua injini, anabadilisha ringi, na kama silinda imekwanguka utaambiwa kuchonga bloki na kununua pistoni. Huo ni mtaji wa mzigo mzima.

Mambo manne yanayotudanganya:

1. "Natembea mjini tu, kilomita chache." Safari fupi za kuwasha na kuzima nazo zinachosha oili. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na unyevu huo ndio unaosaidia kutengeneza tope.

2. "Nimeongeza, inatosha." Kuongeza si kubadilisha. Uchafu wote bado umo ndani.

3. "Oili bado haijawa nyeusi." Rangi isikupe uamuzi. Oili nzuri huweza kuwa nyeusi mapema kwa sababu inafanya kazi ya kubeba uchafu. Hesabu kilomita.

4. "Weka oili nzito, moshi utaisha." Hapo unaficha ugonjwa tu, ringi bado zimeganda.

Na kumbuka mazingira yetu. Milima ya Ngara ukiwa na mzigo inapandisha joto la injini. Vumbi la barabara za vijijini wakati wa kiangazi linapita kama chujio la hewa ni bovu. Kwa hiyo usisubiri kikomo cha mwisho kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki; mwaga mapema kidogo.

"Mita yangu ilishakufa, nitajuaje kilomita?" Swali zuri, na sisi jibu tunalo: daftari la oda! Lusahunga mpaka Rusumo ni kama kilomita 90, kwenda na kurudi 180. Tuseme pikipiki yako inataka oili kila kilomita 2,000. Safari 11 za namna hiyo, umefika. Kila ukipeleka mzigo, andika kilomita pembeni ya jina la mteja.

Hela ya oili itoke wapi? Itoke kwenye nauli ya mzigo, siyo kwenye faida. Mfano, oili na ufundi vikikugharimu 16,000 (weka bei ya dukani kwenu), gawanya kwa kilomita 2,000. Unapata shilingi 8 kwa kilomita. Safari ya kilomita 180 ni shilingi 1,440. Weka 1,500 pembeni kila safari, siku ya kumwaga ikifika hela ipo. Linganisha hiyo na bei ya kufungua injini.

Siku ya kumwaga, simamia mwenyewe:

Injini iwe ya uvuguvugu ili uchafu utoke na oili. Safisha chujio la oili au libadilishe. Weka kipimo kilichoandikwa, usijaze kwa kukisia. Nunua oili ya pikipiki, chupa ikiwa na sili yake, kwa muuzaji unayemfahamu. Baadhi ya oili za gari zinafanya klachi iteleze. Oili chafu usiimwage chini wala mtaroni, mwachie fundi kwenye dumu.

Katikati ya wiki pima oili kwa kijiti chake. Ikipungua haraka na hakuna inapovuja, au plagi inatoka na ulowevu mweusi, nenda kwa fundi mapema kabla moshi haujaonekana.

Na kama huna pikipiki, unatumia kijana wa boda, mambo ni yale yale. Muulize, "Kaka, mara ya mwisho umemwaga oili lini?" Akikosa jibu, usimkabidhi mzigo wa Rusumo leo. Mteja hamjui kijana wa boda. Aliyemtumia hela ni wewe, na jina litakaloharibika ni lako.

Kabla hujapokea oda ya kesho, toka nje ukachomoe kile kijiti.