Nguo ya Kiwandani, Maneno ya Nani?

Simama kando kidogo katika duka la kanga Kariakoo, au mtaa wa Biashara kule Mombasa wanakoziita leso, umtazame mteja. Atagusa kitambaa, atapima rangi kwa macho, kisha atainyoosha doti asome jina, yaani yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Rangi ikimvutia lakini jina likawa la ugomvi, naye anamnunulia mkwewe, ataikunja na kuirudisha. Jina likimkuna lakini rangi ikamchusha, ataulizia kama lipo kwenye rangi nyingine. Muuzaji hamshangai, kwa sababu anajua kwamba mtu hanunui nguo peke yake, ananunua na usemi.

Wataalamu wa utamaduni pendwa wamebishana kwa takribani miaka themanini juu ya mtu kama huyu mteja. Je, anachagua kweli, au kiwanda kimeshamchagulia?

Jibu kali kuliko yote lilitolewa na Theodor Adorno na Max Horkheimer, wanafalsafa wawili wa Kijerumani waliomkimbia Hitler na kuishia California. Walikuwa wameona redio ikitumika kulilevya taifa zima. Marekani wakakuta filamu na muziki vinatengenezwa kwa mpangilio uleule wa magari. Katika kitabu chao kilichochapwa Amsterdam mwaka 1947 walidai kwamba utamaduni umegeuzwa kuwa kiwanda. Kiwanda hicho hutoa kitu kilekile siku zote, hukibadilisha urembo wa juujuu, na mnunuzi akiona urembo mpya hudhani amepata kitu chake mwenyewe. Adorno alishalisema hilo kuhusu nyimbo za redio mwaka 1941: mifupa ni ileile, nyama ndiyo inayobadilishwa. Na mtu akizoea vitu vilivyokwisha kutafunwa, alihofia, hata kufikiri kutamshinda.

Ukimpa Adorno kanga, atatabasamu. Ina pindo pande zote, mji katikati na jina chini, na mpangilio huo umekaa hivyo kwa zaidi ya karne moja. Kinachobadilika ni korosho kuwa nanasi, nyekundu kuwa kijani. Kwa miongo mingi zilichapwa Uingereza na Uholanzi, baadaye India na Japani, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga pwani hii. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, nacho kilifuata sura ileile.

Lakini historia ya vazi lenyewe inaanza kumharibia hesabu. Katika karne ya 19 watumwa wa Zanzibar na Mrima walivaa merikani, kitambaa cheupe kisicho na nakshi kilicholetwa kwa meli kutoka Marekani, au kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa rangi nyeusi au buluu iliyokolea. Wanawake waliotaka kupendeza wakaanza kununua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakaviunga sita sita kuwa nguo moja. Wafanyabiashara waliona mtindo huo, ndipo wakaenda kuagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliivamia kanga. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi walivyoitumia kuitupa kaniki na kila ilichowakumbusha. Kwa hiyo hamu haikutengenezwa na kiwanda. Kiwanda kiliikuta hamu mtaani kikaifuata. Majina nayo ni hivyohivyo: kampuni ya Mombasa ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya chapa ya "Mali ya Abdulla" iliyoanza mwaka 1887, ilichapa semi ambazo watu walikuwa nazo vinywani tayari.

Huko Uingereza, kundi jingine la wasomi lilimjibu Adorno kwa njia yake. Kituo cha utafiti wa utamaduni cha Birmingham kilianzishwa na Richard Hoggart mwaka 1964, na aliyekipa jina kubwa ni Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Katika andiko lake la mwaka 1973 kuhusu televisheni, Hall alisema kwamba anayetunga ujumbe hawezi kuhakikisha utapokelewa kama alivyoutuma. Mtazamaji anaweza kuumeza mzima, anaweza kuukubali nusu na kuupinda nusu, anaweza pia kuupinga moja kwa moja. Fikiria kanga za kampeni zenye picha ya mgombea. Mmoja ataivaa mkutanoni kwa mapenzi ya chama. Mwingine ataipokea kwa sababu ni ya bure na kitambaa ni kizuri. Wa tatu ataifanya tambara la kudekia, na hapo mgombea ajisomee mwenyewe.

Hata hivyo naona kanga inampita Hall. Mtazamaji wake, hata akiwa mbishi namna gani, bado ni mpokeaji. Mvaaji wa kanga ni mtumaji. Chukua mwanamke anayejua kwamba jirani amekuwa akimsema. Hamfuati mlangoni. Asubuhi anajifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" na kwenda nayo bombani, wakati ambao jirani naye yupo kwenye foleni. Maneno ni ya kiwandani, yamechapwa kwa maelfu, lakini mlengwa ni mmoja, na siku, saa na mahali vimechaguliwa na mvaaji. Jirani akienda kushtaki kwa balozi wa nyumba kumi, atasema nini? Kwamba mwenzake amevaa nguo? Mtafiti wa Kijerumani Rose Marie Beck ameieleza vizuri nguvu hii: kanga humwezesha mtu kusema na kukana kwa wakati mmoja. Na kinachomwezesha kukana ni kule kuwa bidhaa ya wote. Laiti angeyaandika maneno yale kwa mkono wake, kesi ingekuwepo. Kilekile alichokilaani Adorno, kufanana kwa bidhaa, ndicho kinachompa mvaaji kinga.

Mfaransa Michel de Certeau aliyaita mambo ya namna hii, mwaka 1980, mbinu za wanyonge: hawamiliki kiwanja, lakini wanajua kukicheza. Baada yake wakaja walioshangilia kupita kiasi, walioona mapinduzi katika kila suruali ya jinzi iliyochanwa makusudi. Hapo mimi huwaacha. Fedha ya doti huenda kwa mwenye kiwanda na mwenye duka, umeivaa kwa fumbo au umembebea mtoto mgongoni. Na mtaa uliozaa msemo haudai hata shilingi.

Ila kuna jambo ambalo pande zote mbili hazikulitilia maanani, pengine kwa sababu enzi zao halikuwa na haja ya kutajwa. Bidhaa walizozijadili zilikuwa vipofu. Sahani ya santuri haikujua nani ameichoka katikati ya wimbo. Tajiri wa kanga alijua doti ngapi zimetoka na zipi zimeozea rafuni, basi. Kilichotokea bombani hakukiona. Uhuru wa mpokeaji ambao Hall na de Certeau waliutetea ulikaa ndani ya kiza hicho, kati ya kuuza na kutumia.

Leo fumbo limehamia kwenye simu. Vijembe vilivyokuwa vikichapwa kwenye kanga vinabandikwa kwenye status ya WhatsApp, na mbinu ni ileile, maana hakuna jina la mlengwa. Lakini aliyebandika anaona orodha ya waliotazama, hivyo anajua jirani amesoma, na jirani anajua kwamba anajulikana kasoma. TikTok imekwenda mbali zaidi: inapima umeitazama video kwa muda gani, kisha kwa kipimo hicho inakuchagulia inayofuata. Ukiitazama video kwa kejeli au kwa hasira, mtambo unahesabu kwamba umeitazama. Ule usomaji wa kupinga, aliouona Hall kama upenyo, umekuwa malighafi nyingine. Adorno aliwadharau watu mno, lakini kiwanda alichokihofia kinafanana zaidi na hiki kuliko Hollywood ya wakati wake.

Watu nao hawakulala. Wapo wanaozima alama za kusoma kwenye WhatsApp ili waitazame status ya hasimu bila jina lao kutokea kwenye orodha. Ni mbinu hasa, de Certeau angeifurahia. Tofauti ni kwamba kitufe cha kuzimia kimewekwa na kampuni yenyewe, na siku ikiona hakina faida kwake itakiondoa bila kumuuliza mtu wa bombani.